Ispagula kwa Tumbo Lililofunga: Kijiko Kimoja, Glasi Nzima ya Maji

Kufunga choo ni shida ambayo wengi huona haya kuitaja. Mtu hukaa siku tatu au nne bila kwenda haja kubwa, tumbo likajaa na hamu ya chakula ikapungua, lakini akifika zahanati huzungumzia maumivu ya kichwa pekee. Kwa sababu ya haya hiyo, tiba ya tumbo lililofunga mara nyingi hutafutwa kimya kimya. Jirani hupendekeza kitu, muuza duka huongeza lake, na pakiti hupelekwa nyumbani bila mtu kuuliza inavyotumiwa.

Miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa kwa njia hiyo ni ispagula, yaani unga au maganda ya nyuzinyuzi yanayochanganywa na maji na kunywewa. Ispagula ni miongoni mwa tiba salama zaidi za kufunga choo ikitumiwa ipasavyo. Ikitumiwa vibaya inaweza kuziba koo au utumbo na kumfikisha mtu katika chumba cha dharura. Somo hili linaeleza jinsi inavyofanya kazi, anayefaa kuitumia na asiyefaa, na hatua za kufuata ili imfae mtumiaji.

ISPAGULA NI NINI?

Ispagula ni ganda jembamba linalofunika mbegu ya mmea mdogo ambao jina lake la kisayansi ni Plantago ovata. Mmea huu hulimwa kwa wingi nchini India, hasa katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan. Mbegu zikikauka hukobolewa, na maganda hupepetwa na kutengwa. Jina lenyewe lina asili ya Kifarsi, kutokana na maneno mawili yenye maana ya farasi na sikio, kwa kuwa mbegu hiyo ina umbo kama la sikio la farasi. Wahindi huiita isabgol, na kwenye pakiti nyingi huandikwa psyllium. Majina hayo matatu ni ya kitu kimoja.

Ispagula haifanyi kazi kama sanamaki au mafuta ya mbarika. Hivyo viwili huuchochea utumbo kubana na kusukuma. Ispagula yenyewe haichochei. Hupita tumboni karibu bila kusagwa, ikivuta maji na kuvimba njiani. Choo kigumu hupata unyevu, huwa laini na kikubwa, na utumbo mpana hukisukuma kwa wepesi. Jambo la kushangaza ni kwamba kwa sababu hiyo hiyo ya kuvuta maji, inaweza pia kukikaza kidogo choo cha mtu ambaye choo chake huwa chepesi kupita kiasi.

JARIBIO LA GLASI MBILI

Jaribio hili linaweza kufanywa jikoni, na hufaa hasa kwa kikundi cha kina mama, wanafunzi au wazee wanaofundishwa na mhudumu wa afya ya jamii.

Katika glasi ya kwanza, tia kijiko kimoja cha chai cha ispagula na vijiko vitatu tu vya maji. Katika glasi ya pili, tia kijiko kimoja cha ispagula kisha ujaze maji, karibu mililita 250. Koroga zote mbili na usubiri dakika kumi.

Glasi ya kwanza itakuwa na donge zito linalonata, na hata glasi ikipinduliwa donge hilo halianguki kwa urahisi. Glasi ya pili itakuwa na majimaji mazito kidogo, yenye utelezi kama wa mrenda au bamia, ambayo bado yanamiminika.

Sasa fikiria donge la glasi ya kwanza likiwa si ndani ya glasi bali katika umio, ule mrija wa takriban sentimita 25 unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Anayeramba unga mkavu, au anayeuteremsha kwa funda moja la maji, hulitengeneza donge hilo ndani ya mwili wake. Kwa hiyo maji si nyongeza ya dawa hii. Maji ni nusu ya dawa yenyewe.

Hatari hii inatambuliwa kote duniani. Nchini Marekani, sheria inataka bidhaa za aina hii ziwe na onyo kwenye pakiti kwamba zikitumiwa bila maji ya kutosha zinaweza kuvimba na kuziba koo. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilikwenda mbali zaidi: iliamua kwamba dawa za choo za ispagula zilizotengenezwa kwa umbo la chembechembe haziwezi kuuzwa tena bila cheti cha daktari, kwa kuwa hazikuonekana salama vya kutosha.

INASAIDIA NINI?

Kazi kuu ya ispagula ni kulainisha choo. Humfaa mtu aliyefunga choo kwa sababu ya kula vyakula visivyo na nyuzinyuzi, mwenye bawasiri au mpasuko wa njia ya haja kubwa ambaye hafai kujikamua, na mama mjamzito ambaye choo chake kimekuwa kigumu, mradi ameshauriwa na kliniki.

Faida ya pili ni kwa kolesteroli. Ute wa ispagula huzuia sehemu ya asidi za nyongo zisirudi mwilini, na ini hulazimika kuchota kolesteroli katika damu ili kutengeneza nyingine. Tangu mwaka 1998, Marekani imeruhusu pakiti ziandikwe kwamba gramu 7 kwa siku za nyuzinyuzi zinazoyeyuka kutoka kwa ispagula, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Hata hivyo, kushuka huko kwa kolesteroli ni kwa kiasi. Aliyeandikiwa dawa ya kolesteroli au ya shinikizo la damu asiiache kwa sababu ameanza ispagula.

Faida ya tatu ni kwa sukari ya damu. Ute huo hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu baada ya kula. Hili ni jema, lakini linamhitaji mgonjwa wa kisukari awe mwangalifu, kama itakavyoelezwa.

Ispagula haiondoi sumu mwilini, haiyeyushi mafuta ya tumbo na haitibu vidonda vya tumbo. Tangazo lolote linaloahidi hayo lifaa kutiliwa shaka.

NANI ASIITUMIE KABLA YA KUPIMWA?

Hapa ndipo makosa makubwa hutokea. Watu wafuatao hawafai kuanza ispagula mpaka wapimwe na daktari au afisa wa kliniki:

1. Mtu yeyote ambaye chakula humkwama anapomeza, au ambaye kumeza kunamuuma.
2. Aliyewahi kupata kiharusi au mwenye ugonjwa wa neva unaofanya apaliwe mara kwa mara.
3. Mwenye maumivu makali ya tumbo, anayetapika, au ambaye tumbo limevimba na hata hewa haitoki.
4. Anayetoka damu kwenye haja kubwa au mwenye choo cheusi kama lami.
5. Ambaye mwenendo wa choo umebadilika ghafla na kuendelea hivyo kwa zaidi ya wiki mbili, hasa ikiwa anapungua uzito.
6. Ambaye choo kigumu kimekwama chini na hakitoki kabisa.
7. Anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Dawa hizo huufanya utumbo ulegee, na kuongeza wingi wa choo katika utumbo uliolegea kunaweza kuuziba.
8. Mgonjwa wa figo au wa moyo aliyeagizwa apunguze maji anayokunywa.
9. Aliyewahi kupata mwasho, vipele au kubanwa kifua baada ya kutumia au kuvuta vumbi la ispagula.

Nambari ya kwanza inastahili kuzungumziwa zaidi. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazosumbua sana eneo la magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa, na katika Kaunti ya Bomet imeshughulikiwa na madaktari kwa miaka mingi. Ugonjwa huu huanza polepole. Kwanza nyama au ugali hukwama, mgonjwa akaanza kuteremsha kila tonge kwa maji. Baadaye huhamia vyakula laini, kisha uji. Kwa kuwa anakula kidogo na vyakula visivyo na nyuzinyuzi, choo nacho hufunga. Familia huona kufunga choo, haioni kumeza.

Mtu huyo akipewa ispagula, unga unaovimba unafika mahali ambapo umio umekwisha kuwa mwembamba. Unaweza kukwama hapo hapo. Kwa hiyo, kabla ya kumnunulia mzazi au jamaa ispagula, swali la kwanza liwe hili: “Chakula kinashuka vizuri?” Jibu likiwa la kusitasita, safari ya kwanza iwe ya hospitali, si ya duka. Kipimo cha kuangalia umio kwa kamera kinaweza kugundua ugonjwa mapema, wakati ambapo bado kuna mengi ya kufanywa.

Wazee wasiotoka kitandani nao wasipewe ispagula kwa mazoea. Wengi wao hunywa maji kidogo na humeza wakiwa wamelala. Kuna dawa nyingine za choo zinazowafaa zaidi, na mhudumu wa afya atawaelekeza.

Watoto walio chini ya miaka 6 wasipewe isipokuwa daktari ameagiza. Wa miaka 6 hadi 12 hupewa kipimo kidogo, kwa kawaida nusu ya kile cha mtu mzima, baada ya ushauri wa mhudumu wa afya.

KABLA YA KUNUNUA

Ispagula inunuliwe katika duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu au katika duka linaloaminika. Pakiti iwe imefungwa vizuri, iwe na jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, orodha ya viungo na maelezo ya kipimo. Unga unaopimwa kwa kijiko kutoka gunia lililo wazi hauna maelezo hayo, na haijulikani umechanganywa na nini.

Orodha ya viungo isomwe kwa makini. Baadhi ya bidhaa zimetiwa sukari nyingi ili ziwe na ladha ya chungwa, na hizo hazimfai mwenye kisukari. Nyingine zimechanganywa na sanamaki bila jambo hilo kuandikwa kwa herufi kubwa. Mtu hudhani anatumia nyuzinyuzi pekee, kumbe kila siku anauchochea utumbo wake.

Zipo pia tembe. Tembe moja huwa na karibu nusu gramu tu, kwa hiyo kipimo kimoja huhitaji tembe kadhaa. Kila tembe imezwe peke yake, na maji yanywewe kama kawaida. Kumeza tembe tano kwa mkupuo ni kuitafuta hatari ile ile ya donge.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, pima. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni karibu gramu 3.5, mara moja au mbili kwa siku. Pakiti ndogo za kipimo kimoja mara nyingi huwa na kiasi hicho. Anayepima kwa kijiko akumbuke kwamba kijiko cha maganda mazima ni chepesi kuliko kijiko cha unga uliosagwa laini. Maelezo ya pakiti iliyo mkononi ndiyo ya kufuatwa.

Pili, anza kidogo. Siku tatu au nne za mwanzo, nusu ya kipimo mara moja kwa siku inatosha. Tumbo likizoea, kipimo huongezwa polepole.

Tatu, tayarisha maji kabla ya kufungua pakiti. Kila kipimo kinahitaji angalau mililita 240 za maji, yaani glasi iliyojaa. Asiye na glasi ya kupimia anaweza kutumia chupa ya maji ya nusu lita: nusu ya chupa hiyo ni mililita 250. Maji yawe yamechemshwa na kupoa, au yametiwa dawa ya kuyasafisha. Hakuna faida ya kulainisha choo kwa maji yatakayoleta kuhara.

Nne, mimina unga polepole bila kutimua vumbi, na usivute hewa juu ya pakiti. Vumbi hilo likivutwa mara kwa mara linaweza kumfanya mtu apate mzio. Onyo hili ni muhimu kwa wauguzi na wanaowahudumia wagonjwa nyumbani, ambao huchanganya dawa hii kila siku.

Tano, koroga na unywe mara moja ukiwa umeketi wima au umesimama. Usiiache isimame mezani; ikishaganda, iongezee maji mengi au uimwage. Usiitie katika chai ya moto au uji, kwa sababu huganda upesi.

Sita, kunywa glasi ya pili ya maji baada ya hapo, kisha uendelee kunywa maji ya kutosha siku nzima.

Saba, usiinywe wakati wa kwenda kulala. Ipewe angalau saa moja kabla ya kujinyoosha kitandani, ili iwe imeshuka vizuri. Anayefunga mwezi wa Ramadhani anaweza kuinywa jioni, muda fulani baada ya kufuturu, akiwa na saa kadhaa za kunywa maji kabla ya kulala. Kuinywa kwenye daku, dakika chache kabla ya kuanza saumu, kunamwacha na unga unaovuta maji mwilini siku nzima ambayo hanywi maji.

Nane, funga pakiti vizuri na uihifadhi mahali pakavu, mbali na watoto.

DAWA NYINGINE ZIPEWE NAFASI

Ute wa ispagula unaweza kuzinasa dawa nyingine tumboni na kuchelewesha au kupunguza kuingia kwake mwilini. Kanuni rahisi ni kuacha pengo la saa mbili kabla na baada ya ispagula. Wanaotumia dawa za moyo kama digoksini, dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini, dawa za kifafa kama kabamazepini, au lithiamu, wazungumze kwanza na daktari wao. Anayetumia tembe za homoni ya tezi ya shingo aache saa nne. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi aulize kliniki yake kabla ya kuanza.

Chukua mfano wa mtu mwenye shinikizo la damu na kisukari, ambaye humeza tembe zake saa moja asubuhi na saa mbili usiku. Akinywa ispagula saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni, kila dawa inapata nafasi yake, na hakuna kipimo kinachomfuata kitandani.

Mama mjamzito hupewa kliniki tembe za madini ya chuma na foliki. Tembe hizo huongeza damu, lakini pia huweza kukaza choo. Baadhi ya akina mama huziacha kwa sababu hiyo, na kwa kufanya hivyo hujiweka katika hatari ya kuishiwa damu wakati wa kujifungua. Ni heri zaidi kuendelea na tembe, kumweleza muuguzi kuhusu choo, na akikubali ispagula inywewe asubuhi huku tembe zikimezwa usiku.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au tembe za kushusha sukari apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki ya kwanza. Akiona kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla au kizunguzungu, sukari huenda imeshuka. Ale au anywe kitu kitamu mara moja, kisha amweleze daktari. Asibadilishe kipimo cha dawa yake peke yake.

NINI CHA KUTARAJIA

Ispagula haifanyi kazi kwa saa moja. Matokeo huanza kuonekana baada ya saa 12 hadi 24, na wakati mwingine huchukua siku tatu. Anayeongeza kijiko baada ya kijiko usiku huo huo kwa kuwa “haijafanya kazi” hujaza utumbo bila sababu.

Siku za kwanza tumbo linaweza kujaa hewa au kunguruma. Hali hiyo kwa kawaida hupungua. Ikisumbua, punguza kipimo kwa siku chache, usipunguze maji. Choo kisipolainika baada ya siku saba, acha na umwone mhudumu wa afya.

DALILI ZA HATARI

Baada ya kunywa ispagula, dalili zifuatazo zinahitaji hospitali mara moja: maumivu ya kifua, hisia kwamba kitu kimekwama, kutoweza kumeza mate, kutapika, kupumua kwa shida, kuvimba uso au midomo, au tumbo kuvimba na kuuma bila choo wala hewa kutoka.

Ikiwa mtu amekwamwa lakini anapumua na kuzungumza, asipewe maji zaidi wala tonge la ugali la kusukuma. Maji yataongeza uvimbe wa donge, na tonge litaziba nafasi iliyobaki. Aketi wima na apelekwe hospitali.

Ikiwa hawezi kupumua, kukohoa wala kutoa sauti, asisubiri gari. Ainamishwe mbele na apigwe kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Isiposaidia, aliye nyuma yake amzungushie mikono, aweke ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, na avute kwa nguvu ndani na juu mara tano. Hatua hizo zirudiwe kwa zamu huku mtu mwingine akipiga simu ya dharura 999 au 112. Mama mjamzito asibanwe tumbo. Abanwe katikati ya kifua.

CHAKULA KWANZA

Ispagula haipaswi kuchukua nafasi ya sahani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku kutoka kwa chakula, na gramu 400 za mboga na matunda. Kiasi hicho kinapatikana katika mashamba na masoko ya Kenya. Githeri lenye maharagwe au mbaazi, viazi vitamu na nduma, sukuma wiki, managu, kunde, mchicha, mapapai, maembe na mapera vyote vina nyuzinyuzi.

Unga nao huleta tofauti. Unga wa kisiagi uliosagwa na maganda yake una nyuzinyuzi nyingi kuliko ule mweupe uliokobolewa. Wimbi na mtama ni bora zaidi kuchanganywa na mahindi katika ugali au uji. Familia inayobadilisha unga na kuongeza bakuli la kunde mara kadhaa kwa wiki inaweza kugundua kwamba haihitaji pakiti tena. Kutembea kila siku na kwenda msalani mara tu haja inapohisiwa, badala ya kuizuia, nako kunasaidia sana.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mzee ameanza kuteremsha kila tonge kwa maji na choo chake kimefunga. Jamaa anataka kumnunulia ispagula. Afanye nini? Jibu: Asinunue. Ampeleke mzee hospitali akapimwe kumeza kwanza.

2. Mama amekunywa kijiko cha ispagula kwa funda moja la chai kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha. Kosa liko wapi? Jibu: Maji hayakutosha, na chai ya moto huigandisha upesi. Bila glasi nzima ya maji, ispagula isinywewe.

3. Kijana ametumia kipimo sahihi kwa siku saba bila mafanikio. Aongeze mara mbili? Jibu: La. Aache na amwone mhudumu wa afya.

4. Mgonjwa humeza dawa ya presha saa moja asubuhi. Anaweza kunywa ispagula saa ngapi? Jibu: Saa tatu au baada ya hapo.

Mwananchi mwenye swali anaweza kuanza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwake au zahanati iliyo karibu. Akienda, abebe pakiti ya ispagula pamoja na dawa zote anazotumia, ili zipangiwe saa. Na aitaje shida yake bila haya: wahudumu husikia habari za choo kila siku, na kwao hilo ni jambo la kawaida kama kikohozi.